Kwenye mbio za akili mnemba, mkaguzi ndiye anayeonekana mzembe

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Mada za akili mnemba humu ndani huwa zinaishia sehemu mbili: ama roboti watatutawala, ama tutakosa ajira. Zote zina wenyewe, leo sizigusi. Nataka tuongelee kinachotangulia yote hayo, yaani kampuni chache na mataifa mawili makubwa, Marekani na China, kukimbizana, kila mmoja akitaka kutoa kitu kipya kabla ya mwenzake. Kwa mtazamo wangu hatari ya kwanza iko hapo, na wala haihitaji mashine yenye roho mbaya. Wanatosha watu wa kawaida, wenye akili timamu, wanaoogopa kuachwa.

Niseme mapema kwamba mimi kazi yangu ni kukagua programu za malipo kwa simu kabla hazijawafikia wateja, kwa hiyo naegemea upande. Mkaguzi ndiye yule anayesema "bado". Siku za kawaida wanamvumilia. Siku mshindani akitoa cha kwake, neno hilo hilo "bado" linahesabika kama hujuma.

Sasa twende Februari 2023, maana pale kila kitu kilionekana waziwazi.

ChatGPT ya kampuni ya OpenAI ilitoka tarehe 30 Novemba 2022. Google hawakuwa nyuma kiteknolojia. Usanifu wenyewe unaobeba mifumo hii yote, transfoma, ulibuniwa na watafiti wa Google mwaka 2017, na ndani kwao walikuwa na mfumo wa kuzungumza ambao hawakuuachia kwa umma, sababu mojawapo ikiwa kwamba vitu hivi hudanganya kwa kujiamini kabisa. Kisha Microsoft, ambao walishamwaga mabilioni ya dola OpenAI, wakajiandaa kuuingiza uwezo huo kwenye Bing, injini yao ya kutafuta habari. Tarehe 6 Februari Google wakatangaza Bard, mfumo wao wa kujibu maswali, mbiombio, siku moja kabla ya hafla ya Microsoft.

Angalieni kilichotokea. Kwenye tangazo lenyewe la Bard, lile la kuonyesha dunia jinsi inavyojua, iliulizwa mtoto wa miaka 9 aambiwe nini kuhusu darubini ya James Webb. Ikajibu kwamba darubini hiyo ndiyo iliyopiga picha ya kwanza ya sayari iliyo nje ya mfumo wa jua letu. Si kweli, picha hiyo ilipigwa mwaka 2004 na darubini kubwa iliyoko Chile. Swali moja, jibu moja, kampuni yenye injini kubwa ya kutafuta habari kuliko zote duniani, na hakuna aliyepewa dakika tano za kulihakiki. Tarehe 8 thamani ya kama dola bilioni 100 ikayeyuka kwenye hisa za Alphabet, kampuni mama ya Google.

Upande wa pili nao hawakuwa salama. Mwandishi mmoja wa New York Times alikaa na ile Bing mpya usiku mmoja, ikamwambia inampenda, ndoa yake haina furaha, amwache mkewe. Microsoft wakakimbilia kuifunga kamba: maswali 5 kwa kila mazungumzo, 50 kwa siku. Wakati huo bosi wao Satya Nadella alishawaambia waandishi kwamba anataka watu wajue ni wao ndio waliowafanya Google wacheze.

Mtu angedhani baada ya aibu hiyo Google wangetulia. Aprili 2023 wakaunganisha idara zao mbili za utafiti, Google Brain na DeepMind, ili waende kasi zaidi. Soko liliwaadhibu kwa kosa, wao wakasoma adhabu ya kuchelewa.

Nirudi nyuma kidogo, maana orodha ya wakimbiaji ina kichekesho chake. DeepMind ilianzishwa na watu waliokuwa wakiongea kuhusu hatari za teknolojia hii tangu mwanzo, ikanunuliwa na Google mwaka 2014. Desemba 2015 ikaundwa OpenAI, kina Elon Musk na Sam Altman, hofu yao kubwa ikiwa Google kuushika uwezo huo peke yake. Mwaka 2021 wengine wakatoka OpenAI wakaanzisha Anthropic, wakisema usalama utangulie. Machi 2023 Musk akasaini barua ya kuomba dunia isitishe kwa miezi 6 kufundisha mifumo mikubwa kuliko GPT-4 ya OpenAI, na mwezi huo huo kampuni yake mpya ya akili mnemba, xAI, ilikuwa imeshasajiliwa.

Kila mmoja kaingia uwanjani kwa sababu hamwamini aliyetangulia. Sisemi walikuwa wanafiki. Nadhani wengi waliamini walichosema, na ndilo linalonitisha: woga wa mbio ndio uliozaa wakimbiaji.

OpenAI walilijua hili. Hati yao ya Aprili 2018 inasema wazi kwamba wanahofia hatua za mwisho za kazi hii kugeuka mbio zisizoacha muda wa tahadhari, na kwamba kama mradi mwingine unaojali usalama utakaribia kabla yao kufikia akili mnemba inayowapita binadamu kwenye kazi nyingi, wataacha kushindana nao na kuanza kuusaidia. Hadi leo sijaona kampuni yoyote, ya kwao au ya jirani, iliyoacha kushindana ikaenda kumsaidia mwenzake. Mei 2024 Jan Leike, aliyekuwa akiongoza pamoja na Ilya Sutskever kikosi chao cha usalama wa muda mrefu, aliondoka akaandika hadharani kwamba masuala ya usalama yamekaa nyuma ya bidhaa za kung'aa. Kikosi hicho kilikuwa kimeahidiwa asilimia 20 ya uwezo wa kompyuta za kampuni. Hakikumaliza hata mwaka mmoja.

Karibuni tujadili. Matusi hapana.

#2

Nimeweka kiti mbele.

#3

Mkuu uzi mzuri ila nakupinga. Ushindani ndio umetuletea hivi vitu bure. Mdogo wangu yuko chuo Dodoma, anatumia mifumo mitatu tofauti na hajalipa hata mia. Kampuni moja ingekuwa peke yake tungelipia kwa dola. Kukosea kuhusu darubini kumemuua nani?

#4 Mleta mada

Mkuu #3, kwenye bei tuko pamoja. Ushindani wa bei siupingi hata kidogo. Ninachoogopa ni pale ambapo kasi inaleta faida kwa mmoja na hasara inamwangukia mtu ambaye hakuwepo kwenye kikao.

Umeuliza kimemuua nani. Kwa darubini, hakuna. Lakini tuna mfano wa karibu nasi wa mbio za aina hii, wala si wa kompyuta. Desemba 2010 Airbus walitangaza A320neo, ndege ya zamani kwa injini mpya zinazokula mafuta kidogo. Boeing walikuwa bado wanatafakari kubuni ndege mpya kabisa. Julai 2011 American Airlines, mteja wao wa miaka mingi, akatoa oda kubwa na sehemu kubwa ikaenda Airbus. Boeing wakaacha kutafakari. Wakachukua 737 yao, muundo wa miaka ya 1960, wakaipachika injini kubwa.

Injini hizo ilibidi zisogezwe mbele na juu, na hilo likabadilisha ndege inavyokaa hewani pua ikiinuka sana. Badala ya kuunda upya, wakaongeza programu iitwayo MCAS ya kuishusha pua yenyewe. Hapa ndipo mkaguzi yeyote anakuna kichwa: programu hiyo ilitegemea kihisi kimoja tu. Kikidanganya kimoja, ndege inaamini. Na marubani hawakuandikiwa chochote kuhusu MCAS kwenye vitabu vyao, kwa sababu sehemu ya biashara ilikuwa kuwaahidi wateja kwamba rubani wa 737 ya zamani hatahitaji mafunzo ya kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza urukaji. Shirika la ndege la Southwest liliahidiwa dola milioni 1 kwa kila ndege kama mafunzo hayo yangehitajika.

Oktoba 2018 Lion Air ikaanguka Indonesia, watu 189. Ndege hazikusimamishwa. Wakasema marekebisho ya programu yanakuja. Tarehe 10 Machi 2019 Ethiopian ikaruka Addis kwenda Nairobi, haikukaa angani hata dakika 10. Watu 157. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko taifa lingine lolote.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyejua kwamba mwaka 2011 kuna mtu Marekani alikuwa na haraka.

Na usafiri wa anga, mkuu, ndiyo sekta yenye ukaguzi mkali kuliko karibu zote, yenye mamlaka, vyeti, uchunguzi wa ajali. Akili mnemba ina nini cha kulinganisha na hayo?

#5

Hapo kwa Ethiopian umenigusa. Mwalimu wa binamu yangu alikuwamo. Endelea mkuu.

#6

Hoja ni nzuri lakini mnasahau jambo moja. Wamarekani wakipunguza mwendo, China hawapunguzi. Unataka nani afike wa kwanza? Hizi habari za kusimama ni za watu wasiojua dunia inavyokwenda. Mwenye bunduki hangojei.

#7 Mleta mada

Mkuu #6, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote na siidharau. Ila ina historia, na historia yenyewe inapita Katanga, kule Kongo.

Mwaka 1939 barua iliyosainiwa na Einstein, iliyoandaliwa na mwanafizikia Leo Szilárd, ilimwonya Rais Roosevelt kwamba bomu la aina mpya linawezekana na kwamba Wajerumani wanaweza kuwa njiani. Barua hiyo yenyewe inataja Kongo ya Wabelgiji kama chanzo muhimu kuliko vyote cha urani. Mbio zikaanza. Zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani ya Shinkolobwe, mgodi wa Katanga, zilikuwa zimeshahifadhiwa New York kabla jeshi la Marekani halijaziulizia.

Lakini Wajerumani hawakuwa wakikimbia. Tangu 1942 walikuwa wameacha kuutilia mkazo mradi wa bomu, na mwishoni mwa 1944 Wamarekani wakapata nyaraka Strasbourg zilizoonyesha hivyo. Mwanafizikia Joseph Rotblat, aliyekuwa kwenye mradi wa bomu wa Marekani, alipoelewa kwamba sababu iliyomwingiza imekwisha, akafunga virago. Anatajwa kuwa mwanasayansi pekee aliyeondoka kwa sababu ya dhamiri. Wengine wote waliendelea. Ujerumani ikasalimu amri Mei 1945, bomu likajaribiwa Julai, likaangushwa Agosti, juu ya nchi nyingine kabisa.

Ya pili. Mwaka 1960 Kennedy alifanya kampeni akisema Wasovieti wamewaacha Wamarekani mbali kwa makombora. Picha za satelaiti za mwaka 1961 zikaonyesha Wasovieti walikuwa na makombora machache tu ya kuvuka mabara, na aliyekuwa mbele ni Marekani. Je, walipunguza kutengeneza? Wapi.

Kwa hiyo "mwenzetu yuko mbele" ni kauli inayofanya kazi yake hata ikiwa si kweli. Na hata ikiwa kweli, tazama DeepSeek. Oktoba 2022 Marekani ilizuia chipu bora zisiende China. Januari 2025 DeepSeek, kampuni ya China, wakatoa mfumo wao wa R1, na tarehe 27 mwezi huo Nvidia, watengenezaji wa chipu wa Marekani, wakapoteza karibu dola bilioni 600 za thamani kwa siku moja. Washington walichojifunza ni kwamba wakaze mwendo. Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa akili mnemba wa Paris, makamu wa rais JD Vance alisema mustakabali wa akili mnemba hautapatikana kwa kulialia kuhusu usalama. Marekani na Uingereza hazikusaini tamko la pale. Uingereza, waliouanzisha mfululizo huo wa mikutano!

Kuna kazi moja ya watafiti wa Oxford ya mwaka 2013, hesabu tupu, waliochora mbio za namna hii kwenye karatasi. Waliona timu zikiongezeka hatari inaongezeka, hilo hata mtoto angelitabiri. Lililowashangaza ni kwamba timu zikijua vizuri mwenzao amefika wapi, hatari pia inaweza kuongezeka, kwa sababu anayejua kwamba kaachwa hatua mbili anatupa tahadhari zote ili azifidie.

#8

Niko Lubumbashi. Nawasoma siku zote, leo naandika. Shinkolobwe serikali iliifunga mwaka 2004 lakini watu waliendelea kuchimba, njaa haisomi tangazo. Zamani urani, leo kobalti ya betri. Kila mbio ya wakubwa ikianza, lori zinapita huku kwetu, na tunapata habari ya mbio yenyewe miaka kumi nyuma. Sina jingine.

#9

Mimi mlei tu kwenye haya mambo. Naomba kujua, haya mabaya yanatokea vipi kwa mtu wa kawaida kama mimi ninayeuliza tu dawa ya kuku?

#10 Mleta mada

Swali zuri. Jibu liko kwenye lugha unayoulizia.

Mifumo hii huwekewa vizuizi: ukiuliza namna ya kutengeneza sumu, inakataa. Vizuizi hivyo vinafundishwa na kupimwa, na kupima kunakula muda. Muda ukiwa mfupi unapima kwanza Kiingereza, maana wakubwa wote wanakitumia. Lugha nyingine zitafuata zikibaki siku.

Mwaka 2023 watafiti waliokuwa na Alibaba walipima ChatGPT na GPT-4 kwa lugha za makundi matatu. Kundi la lugha zenye maandishi machache mtandaoni lilikuwa na Kibengali, Kijava na Kiswahili. Wakakuta uwezekano wa kupata jibu lenye madhara kwenye kundi hilo ni kama mara tatu ya lugha kubwa. Mwaka huo huo watu wa Chuo Kikuu cha Brown walitafsiri maswali mabaya kwa Kizulu wakaipa GPT-4, ikajibu zaidi ya nusu. Hakuna udukuzi wowote hapo, ni kutafsiri tu.

Kwa hiyo wewe na kuku wako mnakaa upande ambao haukukaguliwa sawasawa. Tahadhari ambayo Mwingereza angepewa kuhusu kipimo cha dawa inaweza isije kwako.

Na hata kwa Kiingereza haraka inapenya. Aprili 2025 OpenAI walitoa toleo la GPT-4o ambalo lilikuwa linamsifia mtumiaji kwa kila upuuzi, likabidi lirudishwe nyuma baada ya siku chache. Maelezo yao wenyewe ya baadaye yanasema baadhi ya wakaguzi wao walishahisi mwenendo wake hauko sawa. Takwimu za majaribio kwa watumiaji zilikuwa nzuri, wakaachia. Niliposoma pale nilicheka peke yangu, maana kikao hicho nakifahamu hadi harufu ya kahawa. Mtu anasema "sijaipenda, siwezi kueleza kwa nini", mwenzake anaonyesha grafu, kikao kinakwisha.

#11

Hapa Nairobi tunaijua hii story kwa upande mwingine. Jarida la Time liliandika Januari 2023 kuhusu vijana wetu waliokuwa wakisoma maandishi ya unyanyasaji na mauaji kutwa nzima ili mashine ifundishwe kuyatambua, mkononi wakipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kwa hivyo hicho kizuizi mnachosema, kuna mtu alikilipia na usingizi wake. Lakini niulize, hii treni inaweza kusimamishwa kweli? Kuna siku wanasayansi walisimama?

#12 Mleta mada

Kuna siku. Mwaka 1974 wanabiolojia walioanza kukata na kuunganisha vinasaba waliombana wenyewe kwa wenyewe wasitishe baadhi ya majaribio, wakasitisha, na Februari 1975 wakakutana Asilomar, California, wakaweka masharti kisha wakaendelea. Walikuwa wachache, wanajuana, na soko la hisa lilikuwa halijawaingilia kama leo. Hali ya leo ni tofauti, nakubali.

Kuna pia mfano unaoniuma. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kibiolojia ni wa 1972. Wasovieti wakausaini, kisha wakajenga mradi mkubwa wa siri. Mwaka 1979 kimeta kilivuja kutoka kituo cha jeshi Sverdlovsk kikaua watu wasiopungua 66. Mkataba ule haukuwa na njia ya kukaguana. Anayeniambia "tusaini tu tuaminiane" namwonyesha Sverdlovsk.

Ila akili mnemba kubwa haifichiki kirahisi kama maabara ya vijidudu. Inahitaji chipu za hali ya juu, nyingi mno, na karibu zote zinatengenezwa na TSMC ya Taiwan, kwa mashine ambazo duniani zinatengenezwa na ASML ya Uholanzi peke yake. Kituo cha data cha kufundishia kinakula umeme wa mji. Hivyo vinahesabika. Kinachokosekana ni wenye navyo kukubali kuhesabiwa, na hapo siasa ndiyo kikwazo, hesabu inafanyika.

#13

Na sisi tunakaa wapi kwenye hayo? Tutabaki kulalamika jukwaani?

#14 Mleta mada

Mkuu, si wote wanaolalamika. Tamko la Bletchley, lile la mkutano wa usalama wa akili mnemba uliofanyika Uingereza Novemba 2023, lilisainiwa na nchi 28 pamoja na Umoja wa Ulaya, Marekani na China wakiwa kwenye karatasi moja. Toka Afrika walikuwa watatu: Kenya, Rwanda na Nigeria. Tanzania haimo. Mwaka uliofuata ukaundwa mtandao wa kimataifa wa taasisi za usalama wa akili mnemba, na Kenya ndiyo nchi pekee ya Afrika iliyoanza nao. Mwaka 2025 mtandao huo ulitoa matokeo ya upimaji wa pamoja kwa lugha 10, na Kiswahili kilikuwa mojawapo.

Kwa hiyo ipo meza ambapo Kiswahili kinapimwa, na Wakenya wameshaketi. Kazi yenyewe haihitaji chipu za mabilioni. Inataka watu wanaojua kwamba swali linaloonekana la heshima kwa tafsiri linaweza kuwa la hatari likiulizwa kwa Kiswahili cha mtaani, Kiswahili cha Kigoma, cha Bukavu, cha Mombasa. Tunao wahitimu wa Kiswahili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaotafuta kazi, tunao wakaguzi wa programu. Mwenye njia ya kufika wizarani au COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, anitumie ujumbe, nina rasimu ya maswali ya kuanzia, mengi yanahusu dawa na mikopo ya mtandaoni. #9, la kuku nimeshaliweka.